Foals: gitaa zenye kukatwa fupi, na bei ya kujaza ukumbi

Bandugu, kila mara mtu akiandika juu ya Foals, kile kikundi cha rock cha Oxford, neno "Afrika" linatokea mu mstari wa pili ao wa tatu. Eti gitaa zao ni za Kiafrika. Eti ni afrobeat ya wazungu. Sisi wenye tumekomalia mu seben tuko na haki ya kuuliza: Afrika gani hiyo?

Nauliza ju gitaa njo moyo wa hiki kikundi. Ukiisikia vibaya, hautaelewa kwa nini albamu zao 7 hazilingani hata kidogo.

Kilianza 2005. Yannis Philippakis, mwimbaji na mpiga gitaa (baba yake Mgiriki, mama yake wa Afrika Kusini), pamoja na mpiga ngoma Jack Bevan, walikuwa wametoka mu kikundi kingine, The Edmund Fitzgerald. Kile kilipiga rock ya mahesabu: midundo yenye kuvunjika-vunjika, muziki ya kusikiliza umekunja mikono. Walichoka nayo. Wakataka muziki yenye batu wanaweza kucheza, wakaanza kupiga mu nyumba za watu, mu fete za wanafunzi, fasi yenye mpigaji na mchezaji wanakanyagana miguu. Lakini wakajiwekea sheria kali: gitaa ipige nota za juu tu, zenye kukatwa fupi, mdundo uwe mkali kama saa. Hiyo sheria ilitoka zaidi ku teknok, ile ya mashine, kuliko ku Lagos ao Kinshasa.

Sikiliza "Cassius" ao "Balloons" mu albamu ya kwanza, Antidotes (2008). Gitaa mbili zinadonoa-donoa kama kuku ku mahindi. Kweli, masikio ya Mkongomani yanashtuka kidogo: mbona hii inafanana na mi-solo? Inafanana kwa kuzunguka tu. Mu seben, wa akompanyema anashika akodi, wa mi-solo anazungukia katikati, wa solo anaimba juu yao, na nota inaachiwa nafasi ya kulia. Docteur Nico aliiacha ilie mpaka wewe mwenyewe unatafuta kitambaa. Kwa Foals nota inazaliwa, na papo hapo kiganja kinaifunga kinywa. Ile yao ni gitaa yenye wasiwasi. Uzuri wake uko hapo hapo, mu ule wasiwasi, na kuiita "ya Kiafrika" ni kuwanyima kile walivumbua na kutunyima sisi kile tuko nacho.

Kama unatafuta Afrika mu ile albamu, iko ku tarumbeta. Zilipigwa na watu wa Antibalas, kikundi cha New York chenye kinafuata njia ya Fela. Albamu ilitengenezwa kule na produza Dave Sitek, kiisha vijana wakakataa namna alivyochanganya sauti, wakarudia kazi wenyewe. Watu wapya kabisa, albamu ya kwanza, na wanamwambia mkubwa hapana! Mimi nawapa heshima kwa ile tu.

Sasa sheria kali iko na shida: inachosha. Antidotes ukiisikiliza yote mara moja, ku wimbo wa 7 unatafuta hewa. Walijua. Wakaenda Gothenburg, Sweden, na produza Luke Smith, wakatoka na Total Life Forever (2010). Kwa mimi hakuna ingine inafika hapo. Zile gitaa fupi ziko, lakini sasa zimepewa uwanja. "Spanish Sahara" inakaa karibu dakika 7. Inaanza na karibu hakuna kitu: sauti ya mtu na mdundo mdogo kwa mbali. Kila kipande kinaingia pole pole, na mwisho wake unafika bila wewe kujua ni saa ngapi ilikuwa kubwa vile. Njo pale Philippakis alianza kuimba kweli. Mbele alikuwa anapiga kelele tu, sauti nayo ikiwa ngoma ingine.

Kiisha hapo ikaja hamu ya ukumbi mkubwa. Holy Fire (2013) ilifika nafasi ya 2 Uingereza. "My Number" inachezeka hata ku ndoa ya mjomba, sina la kusema. "Inhaler" inabeba gitaa nzito yenye wale watoto wa 2008 wangeikimbia. What Went Down (2015), yenye walirekodi mu kijiji kusini ya Ufaransa na produza James Ford, ikaongeza uzito juu ya uzito. Watu wengi wanaisifu. Mimi hapana. Nilisoma agronomia, basi mtanisamehe: mahindi ukiyapanda karibu karibu, shamba linaonekana kijani sana, lakini wakati wa kuvuna unapata magunzi madogo. Ile albamu iko vile. Kila fasi kuna sauti, na gitaa fupi zilizowatofautisha na vikundi vingine hazina tena mwanga. "Mountain at My Gates" njo inaokoa, ju inaanza na ile gitaa ndogo ya zamani na kuingojesha kelele mpaka mwisho.

Mu 2018 mpiga besi Walter Gervers akatoka. Waliobaki wakatoa albamu 2 ndani ya mwaka 1, 2019, jina moja, Sehemu ya 1 na ya 2, bila produza wa nje. Sehemu ya 2 ikawapa nafasi ya 1 Uingereza kwa mara ya kwanza. Kumbe ya 1 njo bora: "In Degrees" ni teknok ya mwanzo yenye imerudi nyumbani.

Hapa kuna jambo la kutuhusu sisi wenye diplome. Hawa vijana karibu wote waliacha iniversite kampuni ilipowasaini. Jimmy Smith, mpiga gitaa, pekee njo alimaliza. Mu 2021 Edwin Congreave, wa kinanda, akafanya kinyume: aliacha kikundi chenye kinajaza kumbi, akarudi kusoma uchumi Cambridge. Kwetu familia ingeitisha kikao! Wakabaki watatu, na Life Is Yours (2022) inasikika ya watatu: nyepesi, ya kucheza, gitaa fupi zimerudi mbele. Haina wimbo wa kukuliza kama "Spanish Sahara", lakini inapumua.

Na ile swali ya Afrika? Philippakis aliijibu mwenyewe, bila maneno. Kuanzia 2016, kule Paris, alirekodi na Tony Allen, mpiga ngoma wa Fela. Mzee alifariki 2020, na kazi ikatoka 2024 chini ya jina Yannis & The Yaw. Sikiliza namna ngoma ya mzee inachelewa kidogo, inakwepa, inacheka. Gitaa ya Philippakis, yenye ilizoea saa, inalazimika kulegea na kungojea. Umbali kati ya kile kitu na Antidotes ni mkubwa, na masikio yetu yanaupima haraka.

Mwenye iko na mega kidogo leo, apakue "Balloons", kiisha "Spanish Sahara", kiisha "In Degrees". What Went Down ingojee siku ya wifi ya bure.