Safu ya Nne

Daftari langu la matumizi ni kaunta buku ya kawaida niliyoinunua Kariakoo. Nililipiga mistari kwa rula likawa na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwezi wa tano wa ujauzito wangu niliandika kwenye safu ya kwanza: "Baba mtoto, 150,000 (atatuma)." Mwezi wa sita nikaandika vilevile. Mwezi wa saba pia, na mabano yake.

Alikuwa ameondoka mwishoni mwa mwezi wa nne. Alisema anakwenda mkoani kuangalia kazi, wiki mbili tu. Wiki ya kwanza simu iliita, akapokea. Wiki ya pili iliita bila kupokelewa. Wiki ya tatu ikawa haipatikani. Mimi nikaendelea kumwandika.

Nakusimulia haya kwa sababu miezi hiyohiyo nilikuwa nasoma kwa ajili ya semina ya uzamili. Mada yangu ilikuwa mwanamke na aibu katika riwaya ya Kiswahili. Niliichagua kabla sijajua kuwa nina mimba. Nilisomea kitandani, chumba cha uani, nyumba ya Kiswahili isiyo mbali na Mtaa wa Msimbazi, kitabu juu ya tumbo na daftari chini ya mto. Usiku mmoja nilivitoa vyote viwili nikaviweka sambamba, nikaona kwamba kitabu na daftari vinazungumzia mwanamke mmoja lakini havijuani.

Kitabu chenyewe kilikuwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Wengi wenu mnaijua: Rosa wa Namagondo, Ukerewe, binti wa Regina na Zakaria, baba mlevi anayewabana binti zake kwa ukali. Rosa anatoka kwenye ukali huo na kuingia duniani bila kujua dunia inavyokwenda. Wanaume wanapita, mimba inaingia, mimba inatolewa. Mchumba anapogundua kwamba hakumkuta bikira, mambo yanakwisha vibaya, na Rosa anajiua. Kwa muda riwaya hii ilizuiwa shuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa walitaka yasemwe kwa kunong'ona. Kwa ujasiri huo peke yake inastahili heshima yetu.

Lakini nilipoisoma nikiwa na mimba ya miezi sita, niliona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Katika riwaya hii mimba ni siri na ni aibu, kisha ni dhambi. Haifiki kliniki kupimwa uzito. Haifiki kwenye beseni, glovu, pamba na nyembe ambavyo mama anaambiwa aende navyo leba. Mimba ya Rosa ni hukumu, kwa hiyo haina bei.

Shule nayo ilitufundisha kusoma hivyohivyo. Kumbuka maswali ya mtihani: jadili nafasi ya mwanamke. Tulikuwa na majibu tayari, yamepangwa kama bidhaa dukani: mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mlezi wa familia, mwanamke kama mtu asiye na msimamo. Tulipofika kwa Suzi wa Kilio Chetu, tamthiliya iliyokuwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa sekondari, mimba yake ilikuwa hoja ya elimu ya jinsia. Tuliandika kwamba wazazi wazungumze na watoto wao, tukapata alama. Hakuna aliyetuuliza mtoto wa Suzi atanyweshwa nini.

Simlaumu Kezilahabi. Aliandika msiba, na msiba una sheria zake. Ninachodai ni kwamba tumezoea kuomboleza wanawake walioachwa hadi tumesahau kwamba wengi wao hawakufa. Waliamka kesho yake wakahesabu chenji. Fasihi yetu ina maktaba nzima kuhusu siku mwanamke anayoachwa, na kurasa chache kuhusu Jumanne inayofuata.

Kurasa chache hizo zipo, na nzuri kuliko zote ninazozijua ziko kwenye Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Tuliisoma tukiwa wadogo mno kuielewa. Mama N'tilie anauza chakula hapahapa Dar es Salaam, na watoto wake, Peter na Zita, wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Angalia jinsi Mbogo anavyojenga kisa: maisha ya familia yanageuzwa na bei ya nguo ya shule. Hakuna laana wala usaliti mkubwa wa mapenzi, ni hela iliyopungua. Kutoka hapo hadi jalalani ni hatua chache, na kila hatua ina hesabu yake. Huyu ni mwandishi anayejua kwamba umaskini haumwangushi mtu kwa pigo moja, unamkata kidogokidogo kama makato ya kutoa hela kwa wakala.

Hata hivyo, mume wa Mama N'tilie, Lomolomo, yupo nyumbani. Ni mlevi, ni mzigo, lakini yupo, na mzigo ulio mbele ya macho unapimika. Mwanaume aliyeondoka ni hesabu ya namna nyingine. Hali, halali, hachafui nguo. Ukiangalia daftari kwa haraka utadhani ameleta nafuu. Kumbe amekuwa tundu ambalo kila kitu kinapita.

Nilijaribu kulipima tundu hilo. Naishi kwa kuuza madera. Nanunua kwa bei ya jumla Mtaa wa Kongo, 11,000 moja, nayaweka kwenye status ya WhatsApp, nauza 15,000. Faida ni 4,000 kila dera. Ili kuziba 150,000 zake nilihitaji kuuza madera 38 zaidi kila mwezi. Kariakoo inajua kumvumilia mjamzito, wapo wanaokupisha na wapo wanaokuvutia kigoda, lakini hakuna anayekubebea furushi la madera 38 kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Nilicheka nilipopata jawabu hilo. Mwanaume niliyemlilia wiki nzima alikuwa na uzito unaojulikana.

Hapo ndipo ningependa kukuambia kwamba daftari liliniokoa. Halikuniokoa, kwa sababu nalo lilikuwa linadanganya. Kwa miezi mitatu safu ya kwanza ilibeba 450,000 ambazo hazikuwahi kuingia. Kodi ya miezi sita tuliyoilipa pamoja, 120,000 kila mwezi, ilikuwa inaisha mwezi wa nane wa ujauzito, na kwenye karatasi nilionekana naimudu inayofuata. Kwa kuliamini daftari, nilikaribia kuchukua mkopo wa kausha damu: nipewe 200,000, nirudishe 260,000 ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa nimeshatoa nakala ya kitambulisho.

Aliyenizuia ni mama mwenye nyumba, ambaye sote pale uani tunamwita Bi Mkubwa. Nilimwonesha daftari nikitaka anisifu kwa mpangilio. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya kwanza, akasimama kwenye mabano.

"Mwanangu," akasema, "hapa umeandika hela au umeandika dua?"

Nimesoma uhakiki mwingi na sijakutana na sentensi iliyonifungua macho kama ile. Bi Mkubwa aliona kile ambacho mhakiki anapaswa kukiona: nimechanganya tanzu mbili. Nilikuwa naandika riwaya ya mapenzi ndani ya kitabu cha hesabu. "Atatuma" ni njeo ya tumaini, na safu ya mapato haina nafasi ya tumaini.

Alinipa kalamu yangu mwenyewe nikazikata zile 450,000. Halafu akafanya kazi ya kijumbe, maana yeye ndiye anayeendesha mchezo wa pale nyumbani: wanawake wanane, 20,000 kila wiki, mmoja anapokea 160,000. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Aliongea na mwenzangu muuza maandazi, tukabadilishana, nikapokea wiki mbili kabla ya kujifungua. Kodi akakubali nilipe mwezi kwa mwezi. Hakusema neno lolote kuhusu aibu. Aliuliza tu kama nimeshanunua mpira wa kulalia leba na kanga ngapi ninazo.

Kuna maandishi mengine niliyoyasoma msimu ule, na naomba uyachukulie kama fasihi: sheria. Mwaka uleule wa Rosa Mistika, 1971, Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa. Inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, itadhaniwa kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mimi na mwenzangu tuliishi pamoja mwaka mmoja na miezi minne. Uani waliniita mke wake, kalenda ikakataa.

Kwa wanawake wasiofikia ndoa wala dhana ya ndoa, ilikuwepo sheria ya tangu ukoloni iliyohusu matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Ukomo wa matunzo hayo ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi ikashuka thamani mwaka baada ya mwaka, na 100 ile ikabaki palepale kwenye kitabu hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta. Leo 100 haikupi hata chapati moja Kariakoo. Ukitaka kujua taifa lilimchukuliaje mwanamke wa aina yangu, usianze na mashairi. Anza na namba ile, na muda iliokaa bila kuguswa.

Sheria ya 2009 ndiyo iliyonifanya nikae kitandani wima. Inaruhusu maombi ya kuthibitisha nani ni mzazi yafunguliwe hata kabla mtoto hajazaliwa. Na inapofika kwenye kiasi cha matunzo, inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Nilirudia maneno hayo ya mwisho mara kadhaa. Mahali mtoto anapoishi: yaani LUKU, madumu ya maji, bei ya unga wa lishe na nauli ya kwenda kliniki. Riwaya ziliniuliza nimekosea wapi. Sheria hii, kwa lugha yake kavu, inauliza ninatumia shilingi ngapi. Kwa mara ya kwanza maandishi rasmi yalitaka kuliona daftari langu.

Sitaki kuipamba. Sheria haimtafuti mtu asiyepatikana kwenye simu, na mwanaume asiye na ajira ya kueleweka anajua kuificha riziki yake. Najua pia kwa nini wanawake wengi hawaendi: wanaogopa kuonekana wanauza mtoto, au wanaona afadhali kuuza madera 38 kuliko kukaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii wakiulizwa walikutana naye wapi. Hofu hiyo ni ya Rosa. Ni aibu ileile, imehama Ukerewe ikapanga chumba Kariakoo. Ndiyo maana nasema namna tunavyosoma riwaya si jambo la darasani tu. Ukifundishwa miaka yote kwamba kuachwa ni hukumu juu yako, huwezi kukumbuka kwamba kuna mtu ana deni.

Semina ilipofika niliwasilisha makala hii ikiwa bado mbichi, tumbo likigusa meza. Mwenzangu mmoja wa darasa aliuliza, kwa nia njema, kama hii ni fasihi au uhasibu. Nilimjibu kwamba sijui mpaka uko wapi. Rosa alihukumiwa, Mama N'tilie alihesabu. Nataka riwaya ya Kiswahili ambamo mwanamke anafanya yote mawili katika sura moja: analia, na kabla machozi hayajakauka anakumbuka kwamba gesi imebaki ya siku mbili. Huyo si mwanamke shujaa, tafadhali msimwandikie hivyo kwenye mtihani. Ni mtu anayeishi.

Mwanangu sasa ana miezi mitatu. Daftari la kwanza limejaa, nimenunua la pili. Nilipolipiga mistari niliongeza safu ya nne, upande wa kulia kabisa, na juu yake nikaandika neno moja: "Anadaiwa." Kila ninaponunua kitu cha mtoto naandika bei kwenye safu ya matumizi, halafu nusu yake kwenye safu hiyo, pamoja na tarehe. Risiti zile za mashine na zile za kuandikwa kwa mkono nazibana kwa pini nyuma ya jalada.

Safu hiyo haina mabano. Simsubiri, na siihesabu kama mapato, Bi Mkubwa hatanisamehe tena. Ila jumla yake inakua, na sasa naweza kuisoma kwa sauti mbele ya mtu yeyote. Jumatatu nampa mtoto Bi Mkubwa asubuhi, naenda ofisi ya ustawi wa jamii. Daftari liko tayari ndani ya mkoba, chini ya nepi.