Shingo ya Mninga

Kila nikibana uzi mnene kabisa kwenye freti ya saba, gita langu hukoroma. Noti yenyewe inatoka, tena inatoka mahali pake, ila nyuma yake kuna mtetemo mkavu kama wa nzi aliyefungiwa kwenye kasha la kiberiti. Gita la dukani likifanya hivyo utalirudisha kwa muuzaji. Hili sina pa kulirudisha. Kila kilichomo nimekiweka kwa mkono wangu, usiku kwa usiku, kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga Nyasho, hapa Musoma, na ule mkoromo nao ni wangu.

Kazi ilinichukua miezi 14. Watu wakisikia gita la umeme huuwaza umeme kwanza, kumbe umeme ni sehemu ndogo na huja mwishoni. Kabla yake kuna useremala, na useremala wenyewe ni mkali kuliko wa kitanda au kabati. Mlango ukigoma kuingia kwenye fremu, seremala huupiga randa mara mbili tatu ukafungika. Shingo ya gita haina huruma hiyo. Ikipinda kidogo tu, nyuzi zote hulala mahali pasipo pake na hakuna noti itakayosema kweli.

Shingo yangu ya kwanza ilinitia adabu. Niliambiwa mbao imekauka. Nilipoipiga randa ilinukia ubichi, nami kwa haraka zangu nikajifanya sikunusa. Yakapita majuma matatu, upepo wa ziwa ukiingia mchana na wa nchi kavu ukitoka usiku, ikajipinda kama muhogo. Niliitazama asubuhi moja kabla ya chai na sikusema neno. Shingo ya pili ni ya mninga, kipande kilichobaki kwa fundi wa vitanda jirani yangu. Mninga ni mbao iliyotulia. Ukishakauka hauna papara ya kuvimba na kusinyaa, ndiyo maana watu huutafuta kwa milango na kwa vitanda vya harusi. Hata hivyo sikuuamini mara moja. Niliusimamisha nyuma ya mlango tangu vuli hadi masika yalipopita, nikiugeuza kila Jumapili na kuuchungulia kwa jicho moja kama mwindaji.

Tahadhari hiyo ina sababu. Nyuzi 6 za gita la umeme, zikikazwa hadi kwenye sauti zake, huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi. Ni karibu mfuko mzima wa saruji unaoning'inia kwenye kipande cha mbao chenye unene wa vidole viwili, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo ndani ya shingo huchimbwa mfereji, na humo hulazwa nondo nyembamba inayokazwa kwa spana ndogo ili ivute upande wa pili. Fundi mwashi mmoja aliponiona nikiilaza alielewa papo hapo, bila maelezo, ingawa hajawahi kushika gita maishani mwake.

Kisha zikaja hesabu, na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii kwa moyo wote. Uzi wa gita langu, kutoka kwenye kijiti cha mfupa kilicho karibu na kichwa hadi pale unapokalia juu ya mwili, una urefu wa milimita 648. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.37, na hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza, ule ukingo wa chuma unaokatiza shingo. Zinabaki milimita 611.63. Zigawanye kwa namba ileile, unapata 34.33, na hiyo ndiyo hatua ya pili. Endelea hivyo, kila hatua ikiwa fupi kuliko iliyotangulia, hadi freti ya 12 inapoangukia milimita 324, nusu kamili ya uzi, na hapo uzi unaimba noti yake ileile oktavu moja juu. Namba hiyo ngeni imechaguliwa ili hatua 12 zilizo sawa masikioni zifike kwenye nusu bila kubakiza kitu. Nilizikokotoa zote 22 kwa kalamu, kwenye daftari la mtoto la mistari mikubwa, na nilipoona nusu imejileta yenyewe niliiweka kalamu chini. Miaka yote niliyosoma hisabati shuleni sikuwahi kuona jibu linaloweza kusikika.

Kwa atakayejaribu, nampa onyo moja tu. Usipime kutoka freti hadi freti. Kosa la unywele kwenye freti ya pili utalibeba hadi ya tatu, ukaliongezea la tatu, na ukifika huko juu umeshapotea njia. Zipime zote kutoka kwenye mfupa. Mfupa wenyewe ni wa ng'ombe, nimeupata buchani; niliuchemsha, nikauanika, nikaupiga tupa na msasa hadi ukang'aa kama jino. Mkoani Mara mfupa wa ng'ombe hautafutwi kwa tochi.

Katika siku za kukata tamaa nilijiegemeza kwa watu wawili walio mbali. Wa kwanza ni Leo Fender wa California, ambaye alikuwa fundi redio na hakujua kupiga gita. Mwaka 1950 alianza kuuza gita la umeme la mbao iliyoshiba, lisilo na uwazi tumboni, na shingo yake hakuigundisha. Aliifunga kwa skrubu 4. Ni akili ya fundi aliyezoea kufungua vitu vya watu na kuvifunga tena. Skrubu hizo ndizo zilizoniokoa. Shingo yangu ya kwanza ilipopinda nilifungua 4, nikaitoa, na mwili wa gita ukabaki ukisubiri mwenzake. Wa pili ni Brian May. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule London, alianza kuunda gita nyumbani pamoja na baba yake. Shingo ilitoka kwenye mahogani ya meko ya zamani, springi zilikuwa za valvu za pikipiki, na ncha ya mkono wa kuyumbishia nyuzi ilikuwa sindano ya kufumia ya mama yake. Gita hilo ndilo lililokuja kusimama kando ya sauti ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, walipokuwa pamoja katika kundi la Queen. Kila ninapolisikia nawaza mbao ya meko na mtoto wa Unguja wakiitikiana mbele ya umati, na mikono inanirudia nguvu.

Umeme sasa. Kifaa kinachosikia nyuzi huitwa pikapu, jina moja na lile gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko kwa maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, uga wa sumaku unavurugika, na kwenye waya unazaliwa umeme mdogo sana ambao amplifaya huukuza hadi mtaa mzima usikie. Ningeweza kuinunua ikiwa tayari. Sikutaka.

Nilikwenda Bunda kwa fundi wa kusuka mota. Bunda ni nchi ya pamba, na palipo na viwanda vya kuchambulia pamba haikosekani mota iliyoungua. Waya wake mwembamba kabisa ulikuwa mnene mara nyingi kuliko nilioutaka, kwa hiyo waya niliuagiza Dar es Salaam. Lakini alinipa kitu ambacho Dar hakiuzwi. Aliniketisha mbele yake kutwa nzima nitazame vidole vyake. Waya unapita kati ya kidole gumba na cha shahada, umebanwa kiasi cha kumshika kifaranga. Ukilegeza unaacha mapengo, ukikaza unakatika. "Usiutazame," aliniambia. "Uusikilize kwa ngozi." Nilirudi Musoma nikafunga bobini yangu kwenye kile kipini cha kujazia uzi cha cherehani ya mke wangu. Kwa kuhesabu, nilifungua kikokotoo, nikaunganisha kitufe cha alama ya usawa na swichi ndogo inayogongwa kila mzunguko. Ukishaandika 1 + 1, kila pigo linaongeza moja. Waya ulikatika kwenye 3,112. Nikaanza upya. Ukakatika kwenye 540. Nikaanza upya tena, na usiku huo, watoto wamelala, nikafika 7,600 na mita ikasoma omu 5,800. Nilitoka nje nikasimama gizani. Ziwa lilikuwa linapiga mawe.

Sumaku haisikii nailoni. Jambo hili dogo lilinirudisha mbali. Utotoni tuliunda magita ya galoni na ubao, na nyuzi zetu zilikuwa za aina mbili: mishipi tuliyookota Mwigobero kwenye mitumbwi, na nyaya tulizochambua kutoka kwenye kebo za breki za baiskeli. Tuliipenda mishipi kwa sababu haikati vidole. Nyaya za breki tulizidharau. Zilikuwa kali, zina kutu, zinalia kama bati. Sasa najua kwamba kama mtu angetuwekea sumaku chini yake, galoni lile lenye nyaya za breki lingeimba kwenye spika, na la mishipi lingekaa kimya.

Gita lilipokamilika nililipeleka Butiama. Nchi nzima inaijua Butiama kwa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo mwaka 1999. Mimi nilimfuata mzee mmoja wa Kikurya aliyehamia huko, mwenye litungu alilolichonga mwenyewe. Unatoka Musoma, unapinda Makutano, na mawe makubwa yanaanza kubebana pande zote. Nilikuwa na spika ndogo ya betri, na kwenye mkoba nilikuwa na tupa, kwa sababu nilikusudia nikirudi nikae usiku huohuo nisawazishe freti hadi mkoromo ufe.

Mzee alilipokea gita kwa mikono miwili. Akaligeuza, akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mura, tumbo lake liko wapi?"

Nikamwonyesha spika. "Lile pale, Mzee."

Aliufuata waya kwa macho, kutoka kwenye gita hadi kwenye spika. "Kumbe kitovu hakijakatwa," akasema.

Kisha akavuta kigoda chake akashika litungu. Bakuli lake limewambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili inapanda hadi kwenye mti wa juu, na huko nyuzi 8 zimezungushwa pamoja na vipande vya kitambaa. Zamani nyuzi zilikuwa za kano. Zake ni nailoni ya wavuvi. Kukaza uzi ni kuukamata ule mzunguko na kuunyonga kwa kiganja. Alipolipiga, zote nane zilikoroma, nene, za chini, zinatetema hadi kwenye benchi nililokalia. Nilimwuliza kama halimsumbui. Akanionyesha mahali nyuzi zinapopita juu ya ngozi, alipopachonga mara nyingi akijaribu, akilegeza, akijaribu tena, hadi likakoroma anavyotaka. Kazi niliyokusudia kuifanya usiku ule kwa tupa, yeye alikuwa ameifanya kwa kisu miaka mingi nyuma, kuelekea upande wa pili.

Nimelifikiria hilo tangu siku ile. Kiwandani kuna mtu ameshaamua kelele ipi ni kosa, na uamuzi wake unasafiri ndani ya boksi pamoja na gita. Aliyeunda kibarazani kwake huyo hana wa kumwamulia. Freti zinazofuata ile ya saba ziko mikononi mwangu, naweza kuzishusha kwa sehemu ya kumi ya milimita au nisizishushe, na kabla ya Butiama sikuwa nimejua kwamba hilo ni swali.

Tulijaribu kupiga pamoja. Uzi wangu wa tano na wake mmoja wa chini vilikaribiana bila kukutana, na kati yake palikuwa na lile wimbi la sauti mbili zinazosukumana, polepole, kama mtumbwi uliofungwa gatini. Nilidhani atanyonga wake uje kwenye wangu, maana wangu ulikuwa umepimwa kwa kifaa. Alingoja. Aliupiga tena, akanitazama, akangoja.

Nikashika kigingi, nikaulegeza wangu.