Lugha Katika Mada Moja: Uhakiki wa Mpango wa Decroly

Daktari Ovide Decroly wa Ubelgiji (1871–1932) alifungua shule yake Brussels mwaka 1907. Hakutaka kila somo litengwe katika kipindi chake. Aliyakusanya masomo katika mada nne zitokanazo na mahitaji ya mwanadamu: kujilisha, kujikinga na hali ya hewa, kujihami na hatari, na kufanya kazi pamoja na wenzake. Mada moja iliweza kuwashughulisha watoto mwaka mzima, nao waliipitia kwa hatua tatu: kuchunguza, kuhusisha na kueleza.

Hapana budi tumsifu. Chini ya mada ya chakula, hesabu ilipatikana katika kupima, jiografia katika nchi kitokako chakula, na historia katika maisha ya waliotutangulia. Hata kusoma hakukuanza na silabi, bali na sentensi nzima zenye maana kwa mtoto.

Lakini mwalimu wa lugha akiutazama mpango huu ataona kasoro. Maneno yamewekwa katika hatua ya mwisho, pamoja na kuchora na kufinyanga, kana kwamba mtoto huchunguza akiwa bubu, kisha ndipo atafute jina la alichokiona. Natuchukue mada hiyo hiyo ya chakula. Mpunga ukikobolewa huwa mchele. Mchele ukipikwa huwa wali. Kifaransa cha kila siku huridhika na neno moja, riz, kwa vyote vitatu. Mwanafunzi wetu ajifunzapo maneno haya hapati majina matupu: anaitambua kazi ya mkulima, ya mtwangaji na ya mpishi. Neno limekwisha kumfungua macho kabla hatua ya kueleza haijafika.

Kasoro ya pili ni mpangilio. Mada huleta maneno kama yajavyo: chakula hiki, wali huu, maharagwe haya, nyama hii. Ngeli nne katika mlo mmoja! Kwa mwanafunzi ambaye lugha ya nyumbani kwake haina ngeli, huo ni mzigo mzito.

Kwa hiyo tuipokee mada, lakini tusiitupe sarufi. Mwalimu wa Kiswahili na aketi pamoja na wenzake wa sayansi na jiografia tangu siku ya kuchagua mada, asingoje kuitwa mwishoni kusahihisha insha. Tena adai kipindi chake cha upatanisho wa kisarufi, japo kifupi, kila siku. Asipofanya hivyo, muhula utakwisha wanafunzi wakijua mengi juu ya mpunga, wasiweze kuyaandika.