Jeraha, Kiwewe na Kizunguzungu: Nafsi Iliyoumia katika Filamu Tatu za Hitchcock

Waandikao juu ya sinema kwa Kiswahili hukutana mapema na tatizo la istilahi. Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelichukua kwa Wayunani, ili kutaja madhara yanayobaki rohoni baada ya msiba, maana yake ya asili ni jeraha la mwili. Kwetu wako wasemao "jeraha la nafsi", na wako wasemao "kiwewe", na aghalabu maneno haya hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Nadhani si mamoja. Nitajaribu kuonyesha tofauti yake kwa filamu tatu za Alfred Hitchcock, mwongozaji wa Kiingereza aliyehamia Marekani mwaka 1939: Spellbound ya 1945, Vertigo ya 1958, na Marnie ya 1964.

Jeraha lina mahali pake na lina saa lilipotokea. Tabibu hodari aweza kulitafuta, kulifunua na kulitia dawa. Kiwewe hakina mahali. Twasema mtu ameshikwa na kiwewe, kwa kauli ya kutendwa, na huyo aliyeshikwa aghalabu hajui ameshikwa na nini.

Spellbound ni filamu ya jeraha. Mgonjwa, aliyeigizwa na Gregory Peck, amepoteza kumbukumbu, na hushtuka kila aonapo mistari juu ya kitu cheupe: alama za uma juu ya kitambaa cha meza, mistari ya vazi, hatimaye nyayo za mbao za kutelezea thelujini. Picha hizi zimepangwa kwa ustadi, lakini zimepangwa kama kitendawili, nacho kitendawili kina jibu moja. Jibu lenyewe ni kwamba utotoni aliteleza kando ya ngazi, akamsukumiza nduguye juu ya uzio wa chuma wenye ncha kali. Likisha kutajwa, mistari haina nguvu tena. Hata ndoto iliyobuniwa na mchoraji Salvador Dalí, pamoja na mapazia yake yenye macho yakatwayo kwa mkasi mkubwa, yafasiriwa kipande kwa kipande. Mtu asiye na uso ashika gurudumu dogo. Baadaye twaambiwa gurudumu ni bastola. Ndoto imegeuzwa orodha ya maneno na maana zake, kama zile wanazokariri wanafunzi usiku wa kuamkia mtihani.

Marnie yakaribia mbinu hiyo hiyo, ila kwa rangi. Mwanamke mwizi, aliyeigizwa na Tippi Hedren, haivumilii rangi nyekundu: maua nyumbani kwa mamaye, tone la wino katika mkono wa nguo yake. Hapo wekundu hufunika picha. Lakini tazameni wekundu huo waangukia wapi. Waufunika uso wake yeye mwenyewe, ambao sisi ndio tunaoutazama, wala si kitu akitazamacho yeye. Kwa istilahi za sarufi, ni hisia ya nafsi ya kwanza iliyotamkwa katika sentensi ya nafsi ya tatu. Wako waliolihesabu jambo hili kuwa uzembe. Mimi naliona kuwa ndilo jema kuliko yote katika filamu hii, maana lamwacha mtazamaji bila hakika kama yu ndani ya hofu ile au nje yake. Bahati mbaya, mwisho warudi kwenye jibu moja: baharia, mtoto, fimbo ya chuma ya kuchokolea moto.

Ama Vertigo, jina lake kwa Kiswahili ni Kizunguzungu, na lugha yetu hapa yaisaidia filamu kuliko lugha iliyoizaa. Neno la Kilatini nalo latokana na kugeuka, lakini letu limerudufu shina, na urudufu ndio mwendo wa filamu nzima. Scottie, mpelelezi aliyeigizwa na James Stewart, ampoteza mwanamke. Akutana na mwingine. Amvika suti ile ile ya kijivu, ambadilisha rangi ya nywele, ataka zifungwe kwa mzunguko ule ule. Sehemu ya pili yatamka tena shina la sehemu ya kwanza.

Mbinu iliyosifiwa zaidi ni ile ya kusogeza kamera nyuma huku lenzi ikivuta picha mbele. Kina chaonekana kukimbia na kukaribia kwa wakati mmoja. Kwa ngazi za mnara wa kanisa, mafundi walitengeneza mfano mdogo wa ngazi wakaulaza ubavu, kamera ipate kwenda sambamba na ardhi. Hapa hapana alama ya kufasiriwa. Mistari ya Spellbound yaashiria kitu kingine. Kina hiki hakiashirii kitu, na mtazamaji aliyeketi salama kitini pake aona tumbo likimwenda juu. Ameshikwa naye. Lakini njozi ya katikati, pamoja na maua yake ya kuchorwa yanayotawanyika, ni dhaifu: ni deni la Spellbound ambalo Hitchcock hakuwa amemaliza kulilipa.

Kwa sababu hiyo nashauri istilahi zote mbili zihifadhiwe, kila moja kwa kazi yake, na kwamba "kiwewe" litumike pale ambapo picha yenyewe yamtenda mtazamaji. Najua pingamizi litakalotolewa na wanakamusi: katika mazungumzo ya kila siku kiwewe ni cha kitambo, hali maradhi haya hudumu miaka. Pingamizi lina uzito. Hata hivyo yafaa walitazame tena tukio la kwanza la Vertigo. Askari aanguka kutoka juu ya paa, Scottie abaki akining'inia katika mfereji wa maji, picha yakatwa. Twamkuta ameketi chumbani kwa rafiki yake. Filamu haituonyeshi kamwe jinsi alivyoshuka.