Pedi Nzuri ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya soko: televisheni mbili, PlayStation mbili na pedi nne. Tatu zilikuwa zimechoka. Kijiti cha kuongozea kikishalegea, beki wako anajiendea pembeni kama mbuzi aliyeona majani, nawe unabaki kupiga kelele. Ya nne ilikuwa nzima. Kila Jumamosi tulikuwa na ligi, kiingilio shilingi 500, na mjomba ndiye aliyegawa pedi. Ile nzima ilinifikia mimi. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Nilichukua ubingwa mara nne, na hadi leo sijui kama nilikuwa najua kucheza.

Naikumbuka pedi ile kila ninaposoma habari za EVE Online, gemu ya anga iliyotolewa mwaka 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland. Humo maelfu ya watu huishi katika ulimwengu mmoja. Wachezaji ndio wanaochimba madini, kuunda meli, kuanzisha miungano na kupigana. Meli ikilipuliwa, imekwenda. Na sheria zake ni ngumu kwa mtu mwenye moyo mwepesi: utapeli unaruhusiwa, ujasusi unaruhusiwa, usaliti unaruhusiwa. Februari 2009, mmoja wa viongozi wa muungano mkubwa wa Band of Brothers alihamia kwa mahasimu wao, Goonswarm, na muungano ule ukavunjwa kutoka ndani kwa kutumia mamlaka aliyokuwa amekabidhiwa. Kazi ya miaka ikayeyuka usiku mmoja. Hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo.

Lakini miaka miwili kabla yake, muungano huohuo ulikuwa kiini cha jambo ambalo gemu hiyo haikuweza kulimeza. Februari 2007, mfanyakazi wa CCP aliyejulikana kwa jina la t20, ambaye naye alikuwa akicheza upande wa Band of Brothers, alikiri kwamba alijipatia isivyo halali michoro adimu ya kuundia meli na vifaa, ukiwamo mchoro wa meli ya Sabre. Michoro ya aina hiyo wachezaji wa kawaida waliipata kwa bahati nasibu, na aliyekuwa nao aliweza kuunda bila kikomo. Aliyeianika siri hiyo, mchezaji aliyejiita Kugutsumen, alifungiwa akaunti.

Kwa nini gemu inayovumilia wasaliti ikwame kwenye michoro michache? Wapo waliojitetea kwamba thamani yake ilikuwa ndogo, kwamba haikuamua vita yoyote. Huenda ni kweli. Lakini hesabu hiyo inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Msaliti wa 2009 alikuwa chini ya sheria zilezile zilizowabana wenzake. Aliyemsaliti angeweza kumlipizia kesho yake. Mkono wa t20 ulitoka nje ya ulimwengu ule, mahali ambapo hakuna meli inayofika. Mtengenezaji wa gemu ni bunge, ni mahakama, ni benki kuu, na ndiye mtunza kumbukumbu za yote hayo. Wahenga walisema kesi ya nyani hakimu ngedere. Hapa ngedere ni mwenye msitu pia.

Na tukizungumzia hasara, huwa tunawatazama walioonewa tu. Walioonewa wa EVE walipata angalau hadithi ya kusimulia: tulishindwa kwa sababu mwamuzi alikuwa wao. Hadithi ya namna hiyo hukusanya watu na kuwapa ari. Waliopendelewa hawakupata hata hiyo. Fikiria mchezaji wa kawaida wa Band of Brothers, asiyejua lolote kuhusu michoro, aliyekesha usiku kulinda kituo na kuamka alfajiri kwenda kazini. Baada ya Februari ile, ushindi wake wote ulikuwa na doa ambalo yeye hakulitia na hawezi kulifuta. Upendeleo ulimwibia kitu pekee ambacho mchezo hutoa, yaani ushahidi kwamba niliweza mwenyewe.

Ndiyo maana naona CCP ilifanya jambo la maana baadaye, ingawa ilichelewa na ingawa haikutosha. Iliunda kitengo cha ndani cha kuwachunguza wafanyakazi wake, na mwaka 2008 wachezaji wakapiga kura kuchagua baraza lao la watu tisa, waliosafirishwa hadi Iceland kukaa meza moja na watengenezaji. Baraza halina nguvu ya kuilazimisha kampuni, na wachunguzi wanalipwa mshahara na wanayemchunguza. Lakini kampuni haikuishia kutuambia kwamba watu wake ni waadilifu. Ilikubali kwamba wanahitaji kutazamwa. Wala haikuwakataza wafanyakazi kucheza, na hapo naiunga mkono: mpishi asiyeonja atajuaje chumvi?

Linganisha na soka, gemu inayotawala vibanda vyetu. Machi 2021 zilisambaa picha za mazungumzo zikionyesha kadi adimu za FIFA Ultimate Team zikiuzwa kwa mamia ya yuro, kadi ambazo wengine huzisaka kwa mamia ya mechi. EA ilianza uchunguzi na kusimamisha utaratibu wa kuwapa watu maalumu kadi kwa hiari yake. Kilichonishtua ni utaratibu wenyewe kuliko madai ya wizi. Mlango wa nyuma ulikuwepo kihalali, ila waliosaka kadi usiku kucha hawakujua uko wapi.

Mahali pasipoonekana, shaka huota kama magugu. Ndiyo maana vijana wa kibandani huapa kwamba gemu “inakubana” ukiongoza mabao mawili. Mwaka 2020 madai kama hayo yalifika mahakamani California, kwamba EA hubadilisha ugumu wa mechi kisirisiri. EA ilikana, na mwaka uliofuata walalamikaji wakaiondoa kesi. EA ilieleza kwamba ilikuwa imewapa maelezo ya kina ya kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi wake. Kumbe inawezekana kuonyesha. Ila ilibidi mtu ashtaki kwanza.

Dawa ya kibanda chetu ilikuwa rahisi zaidi. Mjomba angerusha sarafu mbele ya wote kabla ya kila mechi, pedi nzima ikaenda ilikoangukia. Asingehitaji kuacha kunipenda. Sidhani hata kama alijiona mwizi. Alikuwa mjomba tu.

Mwaka juzi nilikutana stendi na jamaa niliyemfunga kwenye fainali mbili. Tukakumbatiana, akaniita bingwa, akawaambia aliokuwa nao kwamba huyu mtu zamani alikuwa hashikiki. Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Sikuweza kujua, na sikuthubutu kuuliza.