Sare, Sauti na Nduli: Uhakiki wa Kumbukumbu za Ziara ya Idi Amin katika Umoja wa Mataifa, 1975

Ziara ya Idi Amin mjini New York, ambako tarehe 1 Oktoba 1975 alifika mbele ya Mkutano Mkuu wa thelathini wa Umoja wa Mataifa, imehifadhiwa zaidi katika picha kuliko katika maneno. Anayeitaja leo huanza na sare ya kijeshi iliyosheheni nishani, kisha makofi ya ukumbini. Ni nadra kusikia ikitajwa kwamba hotuba yenyewe hakuisoma yeye. Baada ya utangulizi mfupi wa rais, ilisomwa kwa Kiingereza na balozi wake, Khalid Younis Kinene. Jambo hili ni rahisi kulipita kama suala la itifaki tu, lakini katika uhakiki huu tunalichukua kuwa mlango wa kuingilia. Mwili uliokuwa mbele ya wajumbe ulikuwa wa Amin. Sauti iliyobeba hoja ilikuwa ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo kumbukumbu zimegawanyika hapo hapo: wanaomdhihaki huitazama sare, na wanaomsifu huyashika maneno kana kwamba hayakuwa na msemaji mwenye historia.

Historia hiyo ilikwisha kujulikana. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, na mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa asionekane tena. Hata cheo kilichompeleka New York kilikuwa na ubishi. Alizungumza akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kiti alichokipata katika mkutano wa Kampala wa Julai 1975, mkutano ambao Tanzania, Zambia na Botswana ziliususia. Kwa hiyo, kauli kwamba siku ile “Afrika ilizungumza” inahitaji kuulizwa: Afrika ipi, na kwa idhini ya nani?

Kilichozika swali hilo, kwa maoni yetu, hakikuwa hotuba bali jibu lake. Katika hotuba Amin alidai Israeli ifukuzwe katika Umoja wa Mataifa na ifutike kama dola. Siku mbili baadaye, huko San Francisco, balozi wa Marekani Daniel Patrick Moynihan alimwita muuaji mbaguzi wa rangi, na akaongeza kwamba haikuwa bahati mbaya mtu wa aina hiyo kuongoza umoja wa Afrika. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ilimlenga mtu mmoja. Sehemu ya pili ililigusa bara zima, na wajumbe wengi wa Kiafrika waliipokea hivyo. Hapo ndipo kuitetea Afrika kulipofungwa kamba moja na kumtetea Amin, na fundo hilo bado linawasumbua watafiti.

Kura ya tarehe 10 Novemba 1975 inaonyesha jinsi fundo hilo linavyopotosha usomaji. Azimio lililouhesabu Uzayuni kuwa aina ya ubaguzi wa rangi lilipita kwa kura 72 dhidi ya 35, nchi 32 zikijizuia. Tanzania, iliyokataa kukanyaga Kampala miezi michache tu kabla, iliunga mkono, Kenya ilijizuia. Anayeisoma kura hiyo kama orodha ya marafiki wa Amin atashindwa kumweleza Nyerere, aliyekuwa amempa hifadhi Obote na ambaye hakuwahi kuitambua serikali iliyompindua. Azimio lenyewe lilibatilishwa mwaka 1991, lakini usomaji huo haukubatilishwa nalo.

Uingereza ilichagua kicheko. Mwandishi Alan Coren alikuwa akimwigiza Amin katika jarida la Punch kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na mkusanyo wa maandishi hayo ulitoka mwaka 1974, kabla ya ziara tunayoijadili. Msomaji aliyezoea mzaha huo alikuwa na kinyago mkononi kabla ya kumwona mtu. Kicheko kilikuwa na faida nyingine, ambayo haisemwi sana: kilifunika kumbukumbu ya Julai 1971, pale serikali ya Heath ilipomkaribisha London na Malkia akala naye chakula cha mchana.

Kiswahili nacho kina dhamana yake. Baada ya majeshi ya Uganda kuingia Kagera mwaka 1978, neno “nduli” lilishikamana na jina la Amin katika redio, magazeti na hotuba za Tanzania, hadi kwa wengi likawa kama sehemu ya jina. Neno lilistahili, waliokimbia vijiji vyao Kagera hawakuhitaji kamusi ili kulielewa. Tatizo linajitokeza mhakiki anapolirudisha nyuma hadi 1975 bila maelezo. Nduli ni kiumbe kamili, hana mwanzo wala wapambe. Akisimamishwa New York, waliompigia makofi huonekana wamerogwa, na hatuulizi tena walikuwa wanapigia makofi nini.

Mkasa wa namna hiyo uko pia kwenye nyaraka. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, yalionyesha sehemu ya hazina ya negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali ya Amin na kuhifadhiwa katika shirika la utangazaji la taifa. Ni hazina ya thamani kubwa, na yenye hatari. Kamera ya serikali ilikwenda ilikotumwa: viwanja vya ndege, gwaride, mikutano, wageni wakipeana mikono. Haikutumwa walikopelekwa waliokamatwa. Kijana wa leo anayesema kwamba Amin angalau aliwaambia wakubwa ukweli usoni ana picha za kumuunga mkono, nyingi na zilizo safi. Familia ya aliyetoweka mwaka 1972 mara nyingi haina hata kaburi la kuonyesha. Utafiti unaohesabu picha peke yake kuwa ushahidi wa namna ziara ya 1975 ilivyopokelewa utakuwa umempa mpiga picha wa ikulu kazi ya mtahini.