Miswada ya Bara na Macho ya Kamera

Aliyezoea kupekua orodha za miswada ya Kiswahili hukutana na majina yale yale: Pate, Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja. Hayo ndiyo yanayotawala orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970. Ndiyo pia yanayotawala hazina ya picha iliyoundwa na SOAS, London, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutokana na makusanyo ya akina Taylor, Hichens na Yahya Ali Omar. Msomaji asiyejua anaweza kudhani kuwa herufi za Kiarabu zilipofika Bagamoyo zilichoka, zikatua mizigo na kurejea majumbani.

Hazikuchoka. Zilipanda na misafara hadi Mpwapwa, zikavuka Ugogo penye ukame na hongo, zikafika Tabora na Ujiji; na njia nyingine ikazifikisha Kondoa Irangi, kituo cha wafanyabiashara wa pembe, ambako Warangi walio wengi ni Waislamu hadi leo. Baadaye tariqa ya Kadiriya nayo ilipita njia hizo hizo, ikiwa na nguvu Bagamoyo kwa Sheikh Ramiya, mtu wa asili ya Manyema aliyeletwa pwani utumwani na akaishia kuwa mwanachuoni wa kutajika. Mji wa Dodoma wenyewe ulianza mwaka 1907 kwa ajili ya reli ya Wajerumani. Penye walimu hapakosi chuo, na penye chuo hapakosi kitabu.

Basi kwa nini vitabu hivyo havisikiki? Jibu limo katika neno moja linalopendwa mno na wakusanyaji: adimu. Anayetafuta hati adimu hutafuta utenzi usiojulikana, diwani iliyopotea, tarehe kongwe kuliko zote. Kwa kipimo hicho kitabu cha chuoni cha Kondoa hakina bahati. Aghalabu kitakuwa Maulidi ya Barzanji, juzuu, mkusanyo wa dua na kasida, au kurasa za falaki na tiba. Maandishi ambayo nakala zake zimejaa kuanzia Hadhramaut hadi Komoro. Mpiga picha ataona ni kile kile, afunge mkoba wake.

Hilo ni kosa la uhakiki kabla ya kuwa kosa la uhifadhi. Matini yaweza kuwa ya kawaida na nakala ikawa ya pekee. Nani aliinakili, kwa mwalimu gani, iliwekwa wakfu kwa msikiti upi, karatasi ilitoka wapi, na kwenye pambizo mwanafunzi aliandika tafsiri ya neno gani kwa Kiswahili? Maneno hayo ya pambizoni yana thamani kubwa kwa mpenzi wa lugha, kwa kuwa huonesha Kiswahili cha bara kilivyoeleweka na watu ambao hawakukinyonya kwa mama zao. Kazi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyofanywa chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, imeonesha njia: ni maktaba ya wasomaji, vitabu vya kufundishia vikiwamo, iliyopigwa picha kama maktaba, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Linganisha na nakala ya Utendi wa Tambuka iliyoko Hamburg, ambayo Mpate hana budi kusafiri ili aiguse.

Lakini picha nzuri si usomaji. Khati za zamani hazikuwa na alama maalumu za *p*, *v* wala *ch*. Kasra ilibeba *i* na *e*, dhuma ikabeba *u* na *o*. Neno lililoandikwa kwa be yenye dhuma na re yenye fatha laweza kuwa "bora", laweza kuwa "pora". Mizani haisaidii hapo, maana yote mawili yana silabi mbili. Anayesaidia ni mtu anayelijua shairi. Taylor alilifahamu jambo hili; ndiyo maana katika kukusanya mashairi ya Muyaka alimtegemea Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Leo picha zinaongezeka na akina Sikujua wanapungua, na hapana mashine itakayoziba pengo hilo peke yake.

Habari za Tippu Tip zatosha kuwa mfano. Aliyaandika maisha yake, na ndani yake mna Ugogo na njia zake. Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kirumi na kuyachapa mwaka 1902 na 1903. Kila anayemsoma Tippu Tip tangu hapo anamsoma kupitia sikio la Mjerumani. Pengine sikio lilikuwa zuri. Msomaji anayeishika chapa hiyo pekee hana njia ya kupima.

Kuna na sauti. Allen, katika jina la orodha yake, alitaja miswada na kanda pamoja. Hakuziweka kanda kama pambo. Alijua kuwa utenzi husomwa kwa mahadhi. Miradi ya baadaye iliyoshughulika na kurasa tupu imerudi nyuma ya hapo. Kitabu cha kasida cha Kondoa kisiporekodiwa kinaposomwa na wenyewe, nusu yake itabaki haijahifadhiwa.

Halafu pa kuweka. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, na kwa miezi mingi picha zilizotegemea tovuti yake hazikufikika. Nakala iliyo mbali ni bima nzuri ikiwa ya pili. Ya kwanza iwe karibu, na Dodoma ina sifa ambayo visiwa havina: hewa kavu, isiyooza karatasi kama unyevu wa pwani, ingawa mchwa na vumbi ni maadui wake. Ina chuo kikuu tangu mwaka 2007. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, hata hivyo, inahusu hasa kumbukumbu za umma. Sanduku la marehemu mwalimu ni mali ya watoto wake, na kurasa nyingine, za azima hasa, huenda wasitake zionwe na kila mtu. Wana haki hiyo. Mkusanyaji afike kwanza bila kamera, aketi, asomewe, kisha aulize ni ukurasa upi unaofunguliwa na upi unaofungwa.